Leso ya Nyanya Imetembea Kukuliko

Jumapili hii ukipita soko la Kibuye, Kisumu, simama kwa muuza leso. Usilipe kwanza, iangalie. Jina lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Karne ya 19, akina mama wa Pwani walinunua vitambaa sita kutoka kwa jora, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona vikawa nguo moja. Ile korosho kwenye pindo? Imetoka India. Maandishi nayo yalianza kwa herufi za Kiarabu. Reli ilipofika ziwani 1901, bidhaa za Pwani zikapata njia rahisi ya kutufikia. Leo nyanya wa Kijaluo anabeba mjukuu mgongoni kwa methali ya Kiswahili.

Kwa hivyo mtu akikuambia utamaduni safi hauchanganyiki, muonyeshe leso. Kinachouma ni kingine: KICOMI, kiwanda chetu cha nguo hapa mjini, kilifungwa, na leso nyingi tunazofunga zinachapwa India. Kuchanganya tunajua sana. Kutengeneza je? Wewe unayechora kwa simu usiku kucha, hebu tuchoree moja: ngege kwenye mji, Dholuo kwenye jina.