Je, Wajua? Hofu Nayo Huuzwa kwa Tiketi

Ikifika tarehe 31 Oktoba, watu wa Isiolo hutazama mawingu. Ndio wakati wa kuzisubiri mvua za vuli, na mwenye mifugo hana nafasi ya kuwaza maboga yaliyochongwa macho na meno. Nairobi mambo ni tofauti kidogo: kwenye baadhi ya kumbi za starehe utawakuta vijana wamejipaka damu bandia, wanasherehekea Halloween, sikukuu ya kutishana. Huku kwetu sijawahi kuona nyumba ya mizimu ya kukatiwa tiketi, ile ambayo waigizaji hukutisha ndani yake. Lakini biashara yenyewe, ile ya kumtia mtu hofu kwa hiari yake na kupata pesa, iliwahi kufika Isiolo, tena kwa kishindo.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 Wamarekani 16 waliletwa kwenye Hifadhi ya Shaba, hapa Isiolo, wakae porini kwa muda wa siku 39 huku kamera zikiwafuata usiku na mchana? Kilikuwa kipindi cha televisheni kiitwacho Survivor, msimu wake wa tatu. Kilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Washindani waligawanywa makundi mawili, moja likaitwa Boran na jingine Samburu, majina ya watu ambao ndio wenyeji wa nyika hizi. Katika moja ya mashindano ya mwanzo walitakiwa kunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Watazamaji wa kule walikunja nyuso. Kwa Wasamburu hicho ni chakula cha tangu enzi za mababu. Mshindi alikuwa Ethan Zohn, mcheza soka, aliyeondoka na dola milioni moja. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha shirika la Grassroot Soccer, linalotumia mpira kuwafundisha vijana wa Afrika kujikinga na virusi vya Ukimwi.

Katika kipindi kile chote, kilichonigusa zaidi ni boma. Kila kundi lilikaa ndani ya ua wa miiba kwa sababu ya simba, na usiku watu wakikesha kwa zamu kando ya moto. Aliyekulia nyika hizi anaujua ua huo kwa mikono yake. Unakata matawi ya mgunga, unayapanga mashina yakiangalia ndani na miiba ikiangalia nje, kisha unayagonga kwa gongo mpaka yashikane. Mlango wake ni kichaka kizima. Jioni, ng'ombe wa mwisho akishaingia, unakishika kichaka hicho shinani na kukivuta kuelekea kwako mpaka kizibe pengo. Mnyama aliye nje akisukuma anakutana na ncha za miiba. Aliye ndani ndiye pekee mwenye mahali pa kushika. Wale Wamarekani waliufunga mlango wa namna hiyo wakijua kuwa nyuma ya kamera kuna magari, daktari na watu wa kuwaondoa mara moja hali ikichacha. Mchungaji anaufunga akijua kwamba usiku ule ni yeye, ua wake na mbwa wake.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua hofu ipi inauzika na ipi haiuziki, na ukiitazama biashara ya nyumba za mizimu huko Marekani utaiona waziwazi.

Je, wajua kwamba Marekani kuna nyumba za mizimu zaidi ya elfu moja zinazotoza kiingilio? Nyingi hufungua milango mwishoni mwa Septemba na kufunga mwanzoni mwa Novemba. Fikiria duka linalouza wiki sita tu na kulipia mwaka mzima kodi, bima, ghala na mafundi. Wikendi mbili za mvua kubwa zinatosha kumtia mwenye biashara hasara. Ndiyo maana maandalizi huanza mapema sana: katika jiji la St. Louis hufanyika maonyesho makubwa ya wafanyabiashara wa fani hii, na hufanyika majira ya kuchipua, miezi mingi kabla ya Oktoba. Huko wanauziana barakoa, mashine za moshi, majeneza yanayojifungua yenyewe na maiti za mpira.

Kazi ya ndani ina ufundi wake. Wateja huingizwa kwa vikundi vidogo, kwa nafasi iliyopimwa, ili kundi la nyuma lisione kundi la mbele likitishwa. Hofu iliyoonekana mapema imeshapungua bei. Mwigizaji hufundishwa kumshtua mteja kutoka ubavuni au nyuma. Ukimtokea mtu kwa mbele atarudi alikotoka, na foleni nzima itakwama. Ukimtokea kwa nyuma atakimbia kuelekea chumba kinachofuata, na msururu utaendelea. Mwishoni kabisa, kwenye nyumba nyingi, yupo mtu mwenye msumeno wa injini uliotolewa mnyororo, akiungurumisha nyuma yao mpaka nje. Wanatoka wakipiga mayowe, na waliopo kwenye foleni wanawaona na kuwasikia. Hilo ni tangazo ambalo mwenye nyumba halilipii.

Fani yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1790, jijini Paris, mtu aliyejulikana kwa jina la Robertson aliwakusanya watu kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa imeachwa, akazima taa, akawaonyesha mizuka kwa taa ya picha iliyofungwa magurudumu. Akiisogeza taa, mzuka ulikua na kuonekana unawajia. Nyumba ya mizimu ya mwaka 1915, iliyoundwa na kampuni ya Orton & Spooner, bado ipo Hollycombe nchini Uingereza, na huendeshwa kwa mvuke. Huko Marekani, miaka ya njaa ya 1930, wazazi walitengeneza vyumba vya kutisha kwenye maghala ya chini ya nyumba zao ili wavulana wasitoke kwenda kuvunja vitu mitaani usiku wa Halloween. Disney walifungua Haunted Mansion yao California mwezi wa Agosti mwaka 1969, na hapo ikawa wazi kwamba mizimu inaweza kulipa mishahara ya watu wengi.

Kisha likaja tukio ambalo kila mtu wa fani hii anapaswa kulikumbuka. Tarehe 11 Mei mwaka 1984, nyumba ya mizimu iliyoitwa Haunted Castle, katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey, iliungua. Wakafa vijana wanane. Nyumba ilikuwa imeundwa kwa matrela yaliyounganishwa, ndani kuna giza, sponji na vichochoro vya kupotezea watu, na haikuwa na mabomba ya dari yanayomwaga maji moto unapozuka. Tafakari jambo hili: mahali ambapo moshi ni sehemu ya maonyesho, mayowe ni sehemu ya maonyesho, mtu atajuaje kuwa sasa ni kweli? Baada ya msiba huo sheria za majengo ya aina hii zilikazwa: mabomba ya maji, ving'ora, taa zinazowaka zenyewe na milango ya dharura inayoonekana. Kwa hiyo leo mteja analipia hofu, na sehemu ya pesa yake inalipia mlango wa kuikimbia.

Wanasayansi nao wamelipima jambo hili. Nchini Denmark, kwenye nyumba ya mizimu iitwayo Dystopia, watafiti waliwafunga wateja 110 vipimo vya mapigo ya moyo na kuwarekodi kwa kamera. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliofurahi zaidi ni wale waliotishwa kwa kiasi. Hofu ndogo mno iliwachosha, na iliyopita kiasi iliwaharibia starehe.

Kenya ina hofu za kutosha, na baadhi yake zimewatajirisha watu wa mbali. Je, wajua kwamba filamu ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, inayohusu simba wawili wala watu wa Tsavo, sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini? Vifo vilitokea kwetu mwaka 1898, kwa wafanyakazi wa reli, Wahindi na Waafrika, waliokuwa wakijenga daraja. Simba walipigwa risasi Desemba mwaka huo na John Henry Patterson. Ngozi zao akazitandika kama mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaiuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000. Ziko huko mpaka leo, zimejazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo, na watu hulipa kiingilio cha jumba hilo wakaziona. Inaniuma kwamba Mkenya anayetaka kuwatazama simba hao ana kwa ana anahitaji viza.

Turudi Shaba. Je, wajua kwamba Joy Adamson, mwandishi wa kisa cha simba jike Elsa, aliuawa humo tarehe 3 Januari mwaka 1980? Mumewe, George, alikuwa ofisa wa wanyamapori hapa Isiolo, na Elsa alilelewa nao hapa mjini tangu mwaka 1956. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema Joy ameraruliwa na simba. Watu waliamini upesi, maana kisa kilikuwa kimejiandika chenyewe: mama wa simba kaliwa na simba. Uchunguzi wa mwili ulionyesha majeraha ya silaha, na baadaye mtu aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa. Joy alikuwa amebakiza siku 17 kutimiza miaka 70. Simba wa Shaba walibeba lawama ya binadamu, ingawa kwa siku chache tu.

Pwani, penye majini mengi katika masimulizi, kuna mahali panapokaribia kabisa nyumba ya mizimu ya tiketi: magofu ya Gede, karibu na Watamu. Mji ule wa Waswahili ulihamwa katika karne ya 17 na msitu ukaufunika. James Kirkman, aliyeuchimbua kuanzia mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamchungulia kutoka nyuma ya kuta. Leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hakuna mwigizaji wala barakoa. Ukiingia saa kumi na moja jioni, kima wakitikisa mibuyu juu ya msikiti usio na paa, utaelewa kwa nini havihitajiki.

La mwisho ni la mtoto, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai wa Kitengela, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alikabidhiwa ng'ombe wa baba yake awachunge, na simba walikuwa wakija usiku kuwaua. Akajaribu moto, moto ukawasaidia simba kuona zizi vizuri zaidi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliiona wakarudi. Wa pili waliielewa: kitu hiki hakitembei. Mwenye nyumba ya mizimu yeyote angemweleza hivyohivyo, maana sanamu humshtua mteja mara moja tu, na ndiyo sababu anaajiri watu. Usiku mmoja Richard alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Basi akiwa na umri wa miaka 11 akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akaziunganisha kuzunguka ua, ziwake na kuzimika kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 alialikwa kwenye jukwaa la TED, California, akaeleza.

Taa zinazowaka na kuzimika ndizo zinazomchanganya mteja ndani ya nyumba za mizimu za Marekani mpaka asijue mzuka uko wapi. Kwenye ua wa Kitengela zilielekezwa nje, gizani. Richard akaingia kulala, na simba ndiye aliyebaki amesimama mbali, akijiuliza ni nani yule asiyechoka kutembea.