Ugonjwa wa akili: mzigo wa mama na wa baba haufanani

Ndugu wanakikundi, mtu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, twasema amerogwa, tunamfungia ndani. La, huu ni ugonjwa kama mwingine. Ule mkali uitwao skizofrenia huwapata watu kama 1 kati ya 300 duniani.

Kijana wa kiume kwa kawaida huanza kuugua mapema, mara nyingi kabla ya miaka 25. Ndipo anapotakiwa kulima, kuchunga au kuoa, basi maisha yanakwama. Mwanamke mara nyingi huanza baadaye kidogo, pengine ana mume na watoto. Aweza kupata nafuu kwa dawa, lakini akarudishwa kwao na kunyang'anywa watoto.

Tena mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua huchanganyikiwa ghafla, hasa majuma ya kwanza. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na mtoto.

Toka Garsen hadi Port Reitz, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 200. Kikundi kifanye nini?

1. Wekeni akiba ya nauli.
2. Mkumbusheni dawa; asiziache kwa kuwa amepata nafuu.
3. Mpeni kazi: bustani, kuku, mikeka.
4. Msimfunge kamba. Sheria ya afya ya akili, iliyorekebishwa 2022, inalinda haki zake.
5. Mama akipata nafuu, wazee wakae na mume wake wazungumze.

Dawa hutuliza ugonjwa. Kumrudishia mtu shamba lake na watoto wake ni kazi yetu sisi.