Taa ya ABS Ikiwaka, Usiipuuze

Umetoka Eldoret na jamaa zako, mnateremka kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio. Taa ya ABS inawaka na haizimiki. Kwa kawaida breki bado zitashika, ila ukizikanyaga ghafla magurudumu huenda yakakwama na usukani usikutii. Punguza mwendo, tumia gia nzito. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, simama mahali salama.

Fundi anapopima hitilafu kwa kompyuta, akague kwanza waya na matope magurudumuni kabla ya kukuuzia kipuri. Hata ABS ikiwa nzima, haiponyi tairi kipara. Mwendo ukiongezeka maradufu, breki huhitaji umbali mara 4 kusimamisha gari. Mwenda pole hajikwai.