Mgeni wa Porini na Mwenyeji Wake

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika nchi yetu ya Tanzania wako wageni wajao kila mwaka, si kwa biashara wala kwa kutazama tu, bali kwa kuwinda. Hulipa ada kubwa wapate kumpiga simba, nyati au chui, kisha hurudi makwao na pembe na ngozi. Yafaa basi tujiulize: je, mwenyeji anapona? Na ni mambo gani yawezayo kuuangusha uwindaji huo?

Jambo hili si la jana. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuwinda kwa leseni. Tangu hapo mzee aliyerithi mkuki wa babaye aliitwa jangili, na mgeni mwenye bunduki na cheti akaitwa mwindaji. Mwezi Septemba 1961, Uhuru ukiwa mlangoni, Mwalimu Julius Nyerere aliahidi huko Arusha kwamba taifa changa litawatunza wanyama wa pori kwa ajili ya wajukuu wetu. Mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977.

Shida ya kwanza ni upungufu wa wanyama wenyewe. Katika Selous na mapori yanayoizunguka, tembo walikadiriwa kuwa kiasi cha 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kiasi cha 13,000. Waliowamaliza ni majangili wa pembe, si wageni wenye leseni. Hata hivyo vitalu vya uwindaji vilikuwamo humo humo. Hii yatuonyesha kwamba kuwapo kwa mwindaji halali hakutoshi peke yake kumfukuza mwizi. Simba naye ana hesabu yake. Dume mwenye kundi akiuawa angali kijana, madume mageni huingia na kuwaua watoto wake. Risasi moja yaweza kuangamiza kizazi kizima. Ndiyo sababu kanuni zetu zikataka dume apigwaye awe ametimiza miaka sita. Lakini kanuni bila Bwana Nyama mwaminifu ni karatasi tu.

Shida ya pili yatoka ng'ambo. Mwaka 2014 Marekani ilizuia nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwezi Julai 2015 simba aliyeitwa Cecil aliuawa nchini Zimbabwe, na hasira ikaenea duniani. Mwaka huo huo Australia na Ufaransa zilifunga milango yao kwa nyara za simba. Wako wenye huruma ya kweli katika watu hao, nasi hatuwalaumu. Lakini waamuao wakiwa mbali hawana budi kujua hili: kitalu kisichopata mwindaji mara nyingi hukosa mlinzi, na pori lisilo na mlinzi huingiwa na shoka la mchoma makaa.

Shida ya tatu ni ardhi. Mwaka 1967 tulihesabiwa watu kiasi cha milioni 12. Mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120. Watu hao wataka mashamba, malisho na kuni. Tena mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo bunduki ya mwindaji hairuhusiwi.

Lakini shida iliyo kubwa kupita zote ni ya nne, nayo ni ridhaa ya mwanakijiji. Huyu ndiye akeshaye shambani akipiga debe kuwafukuza tembo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na hazikuziita fidia, bali kifuta machozi. Jina hilo lasema kweli: chozi lafutwa, hasara yabaki. Mtu wa namna hiyo akiona magari ya mgeni yakipita bila kisima wala zahanati kuongezeka kijijini, kwa nini amfichue jangili aliyelala nyumba ya pili?

Twasema wazi, basi, kwamba uwindaji huu hautaokolewa kwa hotuba. Sehemu ya ada iliyo haki ya vijiji na ifike kwa wakati, na hesabu zake zisomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji. Mgawo wa wanyama na ufuate hesabu ya pori, si tamaa ya hazina. Na mlinzi wa pori apewe mshahara na vifaa vya kumtosha.

Wanyama hawa ni amana. Asimamiaye amana hutoa hesabu kwa mwenye mali, na mwenye mali ni mwananchi. Siku atakapoona faida yake kwa macho, pori litapata walinzi kwa maelfu. Asipoiona, hata askari wote wa nchi hawatatosha kulilinda.