Miziki ya vyombo: na binti zetu wapige



Miziki mingi inayosikika katika nyumba zetu ina maneno: nyimbo za kwaya, rumba, na zile ambazo vijana wanaleta katika telefone zao. Miziki ya vyombo peke yake tunadhani ni ya wageni. Lakini nani kati yetu hajui sebene? Mwimbaji anapumzika, magitari yanashika njia, na hata bibi aliyekuwa amekaa anainuka. Hapo maneno hayahitajiki tena.

Juma hili tunapenda kuwajulisha miziki miwili ya namna hiyo, yote ya Kongo yetu.

Wa kwanza ni wa Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Mwanzoni violoni zilikuwa chache, wapigaji wakapokezana. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 ilitoka filamu juu yao, Kinshasa Symphony. Ndani yake tunaona mama anayeuza mayai sokoni, kisha anakwenda kupiga sello, ile violoni kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Mwingine anapiga filimbi, naye analea mtoto peke yake. Ni wamama kama sisi, wenye kodi ya nyumba na chakula cha kutafuta.

Wa pili ni wa Konono N°1, kikundi kilichoanzishwa Kinshasa na Mawangu Mingiedi. Alichukua likembe ya wazee wake Wazombo, akaitia umeme kwa sumaku za vyuma vya magari vilivyotupwa. Sauti nyembamba ya likembe ikawa kubwa, yenye kukwaruza, na ikasikilizwa hadi Ulaya na Marekani. Wako wanaoimba pia, lakini likembe ndiyo inayoongoza.

Kwa nini tunawaambia haya? Kwa sababu mara nyingi mtoto mwanamume anapewa gitari, na binti anaambiwa aimbe tu. Akiomba kugusa ngoma au kinanda, tunamjibu kwamba atapoteza wakati, au kwamba watu watasema. Hivyo tunafunga mlango ambao wale wamama wa Kinshasa wameufungua.

Tunashauri mambo manne, yasiyodai feza nyingi:

Mwenye mega akipata muziki mmoja mzuri, awapitishie wenzake kwa Bluetooth siku ya mkutano. Mmoja analipa, wote wanasikia.

Jioni, sikilizeni pamoja na watoto kwa dakika kumi. Muulizeni kila mmoja: unaona nini ndani ya sauti hii? Mmoja ataona mvua, mwingine safari. Hakuna jibu baya. Na katika nyumba yenye luga mbili au tatu, hakuna anayebaki nje.

Kama kuna mzee jirani anayejua likembe au zeze, mwombeni ruhusa mumrekodi kwa telefone. Akiondoka bila kurekodiwa, ameondoka nayo.

Na binti akiomba kujifunza, tumwombee nafasi kwa mwalimu wa kwaya au kwa yule mzee. Aanze na chombo kilichopo.

Mkutano ujao, kila mama aje na muziki mmoja usio na maneno. Tutasikiliza wote.