Goma: Moto Uko Birere, Maji Yako Ziwani

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka gari la zimamoto la uwanja wa ndege liweze kufika popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika 3. Kanuni nzuri, ila inaishia kwenye ua wa uwanja, na huko Goma, mashariki mwa Kongo, ndege zimeshaangukia upande wa pili wa ua. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapitiliza na kuingia Birere, mtaa wa maduka na nyumba zilizobanana. Barabara ile ya kurukia ilikuwa imefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa ikielekea Beni ikaangukia nyumba za mtaa wa Mapendo mara tu baada ya kuruka. Majirani ndio waliokuwa pale kwanza. MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ikatuma kikosi cha dharura na magari 2 ya zimamoto.

Magari ya wageni, kwa maneno mengine. Katika vitongoji vingi vya Marekani, kituo kimoja cha zimamoto huzima moto, huhudumia mgonjwa wa moyo, humtoa mtu majini na kuingia shimo lenye gesi, tena mara nyingi kwa kikosi kilekile. Goma kazi hizo zote zina wenyewe, lakini kila moja ina mlango wake. Ambulansi ni ya hospitali, machela ni ya Msalaba Mwekundu, mlima unaangaliwa na OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano, na mtumbwi ni wa mvuvi. Usiku wa balaa, nani anampigia nani? Na sijui mji mwingine wa eneo hili unaohitaji ujuzi huo wote mahali pamoja kuliko huu.

Chukua moto. Nyumba za mbao zimeegemeana, paa la huyu limegusa paa la yule, na kichochoro hakipitishi hata gari dogo, sembuse lori la maji. Lori likifika husimama kwenye lami. Ziwa Kivu, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,700, liko palepale chini, lakini mitaa mingi hungoja maji ya bidoni. Kwa hiyo watu hufanya wanachoweza: hubomoa nyumba ambayo bado haijashika, ili moto ukose njia. Ni mbinu halali ya uokoaji, hata wazimamoto wa kulipwa huitumia. Taabu ni kwamba anayeamua ni mwenye sauti kubwa zaidi, na anayebomolewa halipwi na mtu. Ndiyo maana gari jipya linalokabidhiwa mbele ya kamera halinisisimui sana. Afadhali pampu ndogo ya kubebwa na watu wawili, mipira mirefu, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "vunja hii".

Lakini kinachoitenga Goma na miji mingine ni mazuku. Kando ya ziwa upande wa magharibi, kuelekea Sake, kaboni dioksidi hutoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mbuzi hufa kabla ya mchungaji, mtoto kabla ya mama yake, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Hapo ndipo huruma inapoua: mama anainama kumwinua mtoto, naye anaanguka juu yake. Kitambaa usoni hakisaidii, wala barakoa ya kuchuja, kwa kuwa tatizo si vumbi, ni ukosefu wa hewa yenyewe. Anayeingia anahitaji mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni, na mwenzake ashike ncha ya pili. Asiye navyo abaki juu, hata kama anayelala kule ni ndugu yake. Sijui mafunzo magumu kuliko hayo. Mwaka 2021, baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 22, iliripotiwa kwamba watu kadhaa walikufa kwa kukosa hewa walipokuwa wakikatiza juu ya lava iliyokuwa bado inapoa. Na mwaka 2002, makumi ya watu waliangamia kituo cha mafuta kilipolipuka siku chache baada ya lava kuingia mjini. Mlima ulikuwa umeshawaacha hai.

Halafu kuna ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na vifo 78. Wengi walipanda meli kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Aliyetolewa majini hapumui anahitaji pumzi kwanza, kisha kubonyezwa kifua. Kumbonyeza tumbo ili maji yatoke ni kumpotezea dakika. Mvuvi anaweza kujifunza hilo kwa mchana mmoja. Motari, yaani dereva wa pikipiki, vilevile: Goma majeruhi wengi hupelekwa hospitali kwa pikipiki, na anayejua kukaza kitambaa juu ya jeraha linalobubujika damu huwafikishia madaktari wa hospitali ya CBCA Ndosho mtu aliye hai. Asiyejua humkalisha wima hata aliyevunjika uti wa mgongo.

Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja wa ndege ulifungwa na hospitali zikafurika. Mipango ya magari makubwa itasubiri. Mfadhili anayetafuta pa kuanzia aende Kituku na orodha fupi: jaketi za kuokolea kwa kila abiria, kamba, maboya, namba moja ya simu iliyopakwa rangi ukutani, na mwalimu anayezungumza Kiswahili cha wavuvi.