Mvinyo Mwekundu wa Ureno kwa Nyama Choma ya Kenyamonta

Anayeonja mvinyo mwekundu wa Ureno kwa mara ya kwanza, tena bila chakula, mara nyingi hukunja uso. Ulimi hukauka na ufizi hukaza, kama vile ameuma ndizi mbichi. Ukakasi huo si dalili kwamba mvinyo umeharibika. Unatokana na tanini zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi. Ukila nyama, tanini hupata protini na mafuta ya kushikana nayo. Ukakasi hupungua na ladha ya matunda hujitokeza. Kwa hiyo Kenyamonta, wilayani Serengeti, kwenye jamii za wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, mvinyo huu una chakula chake tayari.

Lakini mivinyo ya Ureno haifanani. Bonde la mto Douro, lililowekewa mipaka rasmi ya kilimo cha mizabibu mwaka 1756, hutoa mvinyo mzito wenye ladha ya matunda meusi, kwa zabibu za aina kama Touriga Nacional. Huo ni wa mbavu za ng'ombe zilizochomwa zikakolea chumvi, maana chumvi hupunguza uchungu. Bairrada, karibu na Atlantiki, hutegemea zabibu aina ya Baga, yenye ukakasi na uchachu mwingi. Wenyeji hunywa mvinyo wake wakila mtoto wa nguruwe wa kuchoma, kwa kuwa uchachu hukata mafuta. Kwetu, mpe nafasi hiyo mbuzi aliyenona. Alentejo, kusini kwenye joto, zabibu huiva vizuri na mvinyo huwa laini zaidi; unapatana na nyama ya mchuzi kwa ugali wa mtama au muhogo.

Kichuri kinataka uangalifu. Mchuzi huu unaopendwa mkoani Mara hutokana na maji yanayokamuliwa kwenye majani ya tumboni mwa mnyama, na una uchungu wake. Uchungu ukikutana na tanini nyingi, kinywa huelemewa. Weka kando chupa ya Bairrada, uchukue ya Alentejo. Punguza pilipili pia, maana hukuza ukali wa kileo.

Sato na dagaa wa Ziwa Victoria waachie mvinyo mweupe. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu, yakikutana na mafuta ya samaki, huleta shombo mdomoni.

Jambo jingine ni joto. Mvinyo mwekundu mzito hupendeza ukiwa kwenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, ilhali mchana wa Serengeti huzidi hapo. Uweke chupa kwenye friji au ndoo ya maji baridi kwa dakika 20 kabla ya kumimina, la sivyo kileo kitafunika matunda.

Kanuni hizi zinafaa pia kwa mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Soma lebo: kwa nyama choma chagua mvinyo mkavu, kwa kuwa ule wenye sukari nyingi humeza ladha ya nyama. Siku mbuzi akichinjwa, weka mkavu wa Dodoma kando ya ule wa Ureno, onja kidogo kidogo pamoja na nyama, kisha chagua kwa ulimi wako. Bei ya chupa isikuamulie.